Maua Yasiyomfia Mtu

Kata kigingi cha mti wa omotembe, kichomeke ardhini kiwe uzio, na mvua ikinyesha kitachipua. Ndivyo udongo wetu ulivyo. Kutoka Suneka hadi Kebirigo ni migomba, majani chai na mikaratusi. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, wala hakuna mwezi unaokauka kabisa. Ndiyo maana mgeni hushangaa akikaribishwa sebuleni, mtaa wa Nyanchwa au Jogoo mjini Kisii, akakuta majani ya plastiki yametambaa ukutani juu ya runinga.

Mimi sishangai. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana hadi wengine hawana hata pa kupanda sukuma wiki. Vijana wamehamia vyumba vya kupanga mjini, na madirisha ya vingi yanatazama ukuta wa ploti ya jirani. Mmea gani utaishi humo? Anayenunua shada la plastiki anatamani kijani alichokulia, na tamaa hiyo naiheshimu.

Mama yangu mdogo, aliyeolewa Keroka, ana shamba na ana jua, ila maua yake ni ya plastiki. Kila Jumamosi huyatumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni, akasugua jani moja moja kwa mswaki mkuukuu, kisha akayaanika kambani katikati ya soksi za wajukuu.

“Mama, mvua yote hii, kwa nini usipande ya kweli?” nilimwuliza.

“Haya hayanifii, mwanangu.”

Ni mjane. Sikuwa na la kumjibu siku ile.

Kwetu tunazika nyumbani, na kaburi la baba mdogo, mumewe, liko kando ya migomba. Mashada ya plastiki ya siku ya maziko yalibaki pale juu. Jua likayafifisha, wekundu ukaisha, nyaya zikatokeza. Hapo kando, mgomba ulizaa ukakatwa, maana mgomba hauzai mara mbili, lakini chipukizi lake lilikuwa limeshafika kiunoni. Naamini tunahitaji kuishi karibu na kitu cha namna hiyo, kinachokufa mbele ya macho yetu na shina lake lisiishe. Plastiki haiwezi kutufundisha kupoteza.

Nilimpelekea mama mdogo kipande cha mmea unaotambaa, nimekipanda katika chombo cha jiwe la Kisii kilichochongwa Tabaka. Akakiweka dirishani. Jani la kwanza lilipogeuka manjano alinipigia simu, sauti imejaa wasiwasi. Nikamwambia alitoe, kisha atazame penye kifundo. Akaona kichipukizi. Tukaendelea kuongea mpaka tukafika kwa baba mdogo, alivyougua na alivyopenda kubishana kuhusu bei ya majani chai, mambo ambayo hakuwahi kunisimulia tangu tumzike.

Ya plastiki bado anayaosha kila Jumamosi, na sioni sababu ya kumzuia.