Kikao cha Aprili Ni Kuchelewa

Wasee, leo tuongelee kitu kisicho na kiki yoyote, lakini ndicho kinaamua kama mtaa wako utapata taa, mtaro ama choo: kile kikao cha wananchi na MCA.

Nimehudhuria kadhaa na karibu vyote vinafanana. Tangazo linatoka jioni, mkutano ni kesho yake saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Mheshimiwa anafika saa sita. Mzee wa mtaa anafungua kwa maombi, ofisa wa kaunti anasoma mahesabu kwa Kiingereza, halafu tunaambiwa tutoe maoni. Mmoja anaomba lami, mwingine basari, mwingine anataka kujua kwa nini simu ya mheshimiwa haishikwi. Tunatia sahihi, tunapewa soda na mkate, tunatawanyika. Na ile sahihi inabaki kuwa ushahidi kwamba tulishirikishwa.

Kikao cha mwisho kilikuwa Aprili. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na stage alisimama. Mvua ikinyesha, maji machafu hujaa kwa kibanda chake na kuingia nyumba za upande wa chini. Akauliza, "Kijana wangu, huo mtaro tunaoomba kila mwaka, uko kwa hicho kitabu ama hauko?" Ofisa akafunua kurasa, akasema hauko, labda mwaka ujao. Mama akamwangalia tu. "Sasa mmetuita tufanye nini?"

Hilo swali lilinifanya niende nisome kalenda ya bajeti. Wengi wetu hatujawahi kuambiwa hii: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini safari ya mradi huanza karibu mwaka mzima kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti ipeleke Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Februari 28 ni taarifa ya mwelekeo wa fedha, yaani pesa ngapi zinaenda idara gani. Aprili 30 ni makadirio ya bajeti yenyewe. Kwa hivyo ukija Aprili kuomba mtaro ambao haukuwa kwenye mpango wa Septemba, unaomba kiti kwa matatu iliyojaa.

Jambo la pili, MCA hashiki pesa za miradi. Kazi yake ni kuwakilisha wadi, kutunga sheria na kukagua serikali ya kaunti. Mipango na utekelezaji viko kwa gavana na idara zake, na huku chini kuna msimamizi wa wadi, ambaye wengi hatujui hata ofisi yake iko wapi. Tunampigia kelele mtu mmoja huku mwingine amekaa kimya na mafaili.

Na si ati haiwezekani. Makueni walijenga mfumo ambapo mazungumzo yanaanza kijijini, yanapanda hadi wadi, kisha kaunti, na mradi ukipita wananchi wanachagua kamati ya kuusimamia. Hapa Nairobi, Mukuru ilitangazwa eneo maalum la mipango mwaka wa 2017, na wakazi wakajipanga kwa vikundi vya nyumba kumi kumi ili sauti ya kila ploti ifike mezani. Watu wa mabati na vichochoro walikaa na wataalamu wakajadili barabara, maji na maji taka. Kama Mukuru iliweza, mtaa wangu una kisingizio gani?

Najua kuna mtu atasema, "Tulimchagua afanye kazi, mimi niko mjengo kutafuta unga." Ni kweli kabisa. Mtu wa kibarua akipoteza siku, jioni watoto hawali. Ndiyo maana kikao cha Jumanne asubuhi si cha wananchi, ni cha wale wasio na haraka. Katiba, ibara ya 196, inaamuru bunge la kaunti kurahisisha ushiriki wa umma. Kurahisisha maana yake ni Jumapili alasiri, Kiswahili, na karatasi tupewe mapema tuzisome.

Kwetu tumeamua hivi. Julai, kabla mpango haujafungwa, kila kikundi cha nyumba kinakaa na kuchagua kitu kimoja. Si kumi, kimoja. Tunapiga picha maji yalipoingia, tunahesabu nyumba, tunaandika barua, nakala moja kwa MCA na nyingine kwa msimamizi wa wadi, na zote zinapigwa muhuri wa kupokelewa. Septemba tunaomba kuona ukurasa wenye mtaro wetu. Usipokuwepo, tuna barua mkononi na miezi saba ya kusumbua.

MCA wetu akiwa mzuri, hiyo barua itampa nguvu ya kututetea bungeni. Akiwa mbaya, itamnyima nafasi ya kusema hatukumwambia.

Kwa hivyo ukisikia kikao cha bajeti, usiulize kama kuna soda. Uliza swali la mama mboga: tunachotaka kiko kwa kitabu ama hakiko? Na uulize Julai.