Watoto wa Tumbo Moja, Tabia Mbalimbali

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Neno hilo ni la kweli, na wazazi wengi wamelitegemea katika malezi yao. Walakini wahenga hao hao walisema pia kwamba vidole vya mkono havilingani, na neno hili la pili husahauliwa upesi. Mtoto akileta sifa, mzazi husifu malezi yake mwenyewe. Akileta fedheha, majirani huyalaumu malezi hayo hayo. Ni wachache wanaouliza mtoto huyo alikuja duniani na nini.

Mama aliyezaa watoto watano au sita hana haja ya kufundishwa jambo hili. Ajua ya kuwa mmoja alilia kwa nguvu tangu siku ya kwanza, akitaka kunyonya saa yoyote. Wa pili alilala mno, hata ikabidi aamshwe ili anyonye. Wa tatu kila alipoona uso mgeni alishika nguo ya mama yake asitake kuiacha. Wote walilala chini ya dari moja na kusikia maonyo yale yale. Tofauti zao zilionekana mapema mno hata isiwezekane kusema kwamba zililetwa na malezi peke yake.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini. Mwaka 1956 madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kuwafuata watoto zaidi ya 130 tangu uchanga, wakaendelea nao mpaka utu uzima. Walitazama mambo tisa, kama vile wingi wa kujongea kwa mtoto, utaratibu wake wa kula na kulala, jinsi anavyokipokea kitu kigeni, upesi wake wa kuzoea mabadiliko, na nguvu ya furaha au hasira yake. Kiasi cha watoto 40 katika kila 100 walikuwa wepesi wa kulea. 10 walikuwa wagumu, wenye kilio kikubwa na kukataa mambo mageni. Na 15 walikuwa wazito wa kuzoea, wanaohitaji muda kabla ya kukaribia. Waliobaki walichanganya tabia hizi na zile.

Lakini neno kubwa la wataalamu hao halikuwa kuwagawa watoto mafungu. Waliona kwamba mtoto hapotei kwa sababu ya maumbile yake tu, wala kwa sababu ya wazazi tu. Hupotea zaidi pale maumbile yake na matakwa ya wale wanaomlea yanapokosa kupatana.

Hapa Kenya ulipatikana ushahidi wa kustaajabisha. Mwaka 1974, ukame ulipoipiga nchi ya Wamasai, daktari mmoja jina lake Marten deVries alikuwa akichunguza tabia za watoto wachanga huko. Aliwachagua kumi waliokuwa wapole kuliko wote, na kumi waliokuwa wagumu kuliko wote. Ukame ulizidi, ng'ombe wakafa, na watu wakahama kutafuta malisho. Aliporudi aliweza kuwapata jamaa za watoto 13 tu. Katika wale wapole saba, watano walikuwa wamekufa. Katika wale wagumu sita, alikuwa amekufa mmoja peke yake.

Hesabu hiyo ni ndogo, wala haifai kufanywa sheria ya watoto wote. Hata hivyo sababu zilizofikiriwa ni za kuaminika. Mtoto mwenye kilio kikali hupewa ziwa mara nyingi, na yule anyamazaye hudhaniwa kuwa ameshiba. Tena Wamasai hupenda ushujaa, na mtoto mkali hakuonwa kuwa na kasoro. Tabia ambayo katika nyumba nyingine ingeitwa taabu, wakati wa njaa iliokoa maisha.

Katika kijiji cha Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis, wataalamu Sara Harkness na Charles Super walikaa miaka ya 1970 wakatazama malezi ya huko. Mtoto mchanga alilala na mama yake na kunyonya usiku wakati wowote alipotaka. Mchana alibebwa, naye alisinzia alipopata usingizi. Basi mtoto asiyekuwa na saa maalumu ya kulala hakumsumbua mtu. Mtoto huyo huyo, kama angalizaliwa Boston, mahali ambapo wazazi hutaka alale peke yake usiku kucha, angaliitwa msumbufu.

Matata huanza hasa mtoto anapokua, na baba anapotaka wanawe wote wapite njia moja. Yupo karani mmoja aliyekuwa na wana wawili. Wa kwanza alikuwa mchangamfu, akimpokea kila mgeni kwa salamu. Wa pili alijificha nyuma ya nyumba aliposikia hodi. Baba alidhani ya kuwa huo ni utovu wa adabu, akamvuta mbele ya wageni na kumwamuru asalimu, naye mtoto akazidi kuwa bubu. Siku moja nyanya yake alimwambia baba, "Mwanangu, wewe wampa mtoto watu, lakini hujampa kazi." Tangu hapo kijana alipewa birika na beseni ili awanawishe wageni mikono. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na shughuli, macho ya watu hayakumtisha, na salamu ilimtoka polepole yenyewe. Hakugeuka kuwa kama kaka yake, lakini adabu aliyotakiwa kuwa nayo aliipata.

Nyanya huyo hakumwachia mtoto afanye apendavyo. Kusema kwamba tabia ni ya kuzaliwa si kusema kwamba haiwezi kuongozwa. Mkulima hulima mahindi na viazi katika shamba moja, wala havipandi kwa namna moja. Lakini hakuna kimojawapo anachokiacha kiote magugu. Mtoto asiyetulia hukosea akikalishwa kutwa nzima. Apewe kazi ya kutumia nguvu, kisha aketi na daftari lake kwa muda mfupi. Mtoto mwenye hofu aonyeshwe jambo geni kidogo kidogo, wala asichekwe. Mtoto mpole yafaa atazamwe zaidi, maana hataomba, na katika nyumba yenye watoto wengi ndiye anayesahauliwa.

Jambo moja lenye madhara ni kumpa mtoto jina baya. Aitwaye mjinga kwa sababu ni mzito wa kuzoea, au mwovu kwa sababu ana sauti kubwa, mwishoni hulikubali jina hilo na kulivaa kama nguo. Viboko vilikatazwa katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini ulimi wa nyumbani huzuiwa hasa na busara ya mzazi.

Basi mzazi mwenye hekima humchunguza mwanawe kabla ya kumhukumu. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli. Lakini mvuvi mwema kwanza hutazama ni samaki wa namna gani aliyemshika mkononi.