Imani ya Kurithi na Alama ya Kidole

Wahenga walinena kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Ukweli wa usemi huu hudhihirika Jumapili asubuhi katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya. Kuanzia Nyeri na Karatina hadi Kerugoya, Embu na Meru, watoto huonekana wakiandamana na wazazi wao, huyu akielekea kwa Wapresbiteri, yule kwa Wakatoliki, mwingine kwa Waanglikana au katika kanisa huru la Kiafrika. Ni nadra mtoto kuulizwa angependa kuelekea wapi. Miguu yake huijua njia kabla ya akili yake kuzindukana na kuuliza swali.

Msichana mmoja aliyelelewa viungani mwa Karatina, kwenye miteremko ya Tumutumu, aliuliza swali hilo akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Alirudi nyumbani likizoni, na Jumapili ilipofika akakataa kwenda kanisani. Hakuwa amekosana na mtu. Alisema tu kwamba hangeweza kuendelea kukiri kwa kinywa jambo ambalo moyo wake haukupewa nafasi ya kulichagua. Baba yake alinyamaza. Mama yake alilia. Nyanya yake, ajuza wa miaka themanini na ushei, ndiye aliyemwita jikoni, akammiminia chai na kuketi karibu naye.

"Mjukuu wangu," alisema, "mama yangu alipokuwa na umri kama wako aliweka kidole. Baba yake akasema kwamba hana tena binti, na hakula chakula cha mkono wake hadi alipokufa. Hiyo dini unayosema umerithi, kwetu haikurithiwa. Ilinunuliwa."

Kuweka kidole ndiko Wakikuyu walikokuita kirore. Mnamo 1929, misheni ya Kanisa la Scotland, iliyokuwa na vituo Thogoto na Tumutumu, iliwataka waumini na walimu wake watie saini au alama ya kidole gumba kwenye tamko la kuikana tohara ya wasichana, pamoja na kujitenga na Kikuyu Central Association, chama cha kisiasa kilichoitetea mila hiyo. Aliyekataa alitengwa na kanisa. Aliyekubali alionekana na jamaa zake kuwa msaliti. Wimbo wa Muthirigu, ulioimbwa kote Ukikuyu ukiwakejeli wamisheni na wafuasi wao, ulienea kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliupiga marufuku mwaka wa 1930.

Waliokataa kuweka kidole nao hawakukaa bure. Walianzisha shule zao wenyewe, wakajenga madarasa kwa michango na kwa mikono yao, na kutokana na vuguvugu hilo yakazaliwa makanisa huru yaliyomwabudu Mungu yule yule wa Biblia pasipo kumtegemea Mzungu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ilizifunga nyingi za shule hizo. Babu mzaa mama wa msichana huyu alikuwa mmoja wa watoto waliorudishwa nyumbani. Kwa hiyo, katika mishipa ya binti mmoja zinatiririka damu za pande zote mbili: waliotia kidole na waliokikunja.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo ambalo aghalabu husahauliwa na wanaojadili iwapo imani hurithiwa au hujengwa. Kile ambacho leo huitwa imani ya wazee kilikuwa jana uasi wa vijana. Waliobatizwa Tumutumu miaka ile waliwaasi baba zao. Waliojitenga waliwaasi walimu wao. Pande zote zilifikiri, zikabishana, zikachagua na zikalipa. Lakini vitukuu wao wamepokea jibu pasipo swali lililolizaa. Wamerithi jengo bila kuonyeshwa msingi, ndiposa kijana hushangaa nyumba ikitikisika.

Hata hivyo, si busara kudhani kwamba kila imani iliyochaguliwa kwa hiari ni njema. Kule Meru, mnamo 1956, baraza la wazee la Njuri Ncheke liliipiga marufuku tohara ya wasichana kwa ushawishi wa watawala wa kikoloni. Wasichana wengi walikaidi. Walitwaa nyembe wakatahiriana wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuikiuka amri hiyo. Je, mabinti hao walirithi au walichagua? Walifanya yote mawili: waliwaasi wazee ili kushika desturi ya mama zao. Ujasiri wao haukanushiki, lakini ujasiri haukukifanya kitendo kile kuwa salama kwa miili yao. Tendo hilo limeharamishwa nchini Kenya kwa sheria ya 2011. Kuichagua imani, basi, huifanya iwe yako. Hakuifanyi iwe kweli. Iliyochaguliwa nayo sharti ipimwe, kama iliyorithiwa.

Kipimo hicho kinaonekana vyema katika maisha ya Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940. Akiwa mtoto, mama yake alimwonya asiokote kuni za mugumo uliokuwa karibu na kijito, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Alitii bila kuelewa. Baadaye alisomea bwenini kwa watawa wa Kikatoliki huko Mathari, Nyeri, akawa Mkatoliki, kisha akaenda Marekani kusomea biolojia. Aliporejea alikuta mugumo umekatwa ili chai ipandwe, na kijito kimekauka. Ndipo elimu yake ilipomfunulia maana ya onyo la mama: mizizi ya mti ule ilishikilia udongo na kuyafungulia maji njia. Alirithi mwiko, sababu yake aliitafuta mwenyewe. Kutokana na ufahamu wa namna hiyo, mnamo 1977 alianzisha Green Belt Movement, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Msichana wa Karatina alipomaliza chai yake alimuuliza nyanya iwapo angemkana, kama mama yake alivyokanwa. Ajuza alitikisa kichwa. "Nilimwona mama akipeleka chakula kwa baba yake na kukirudisha kikiwa kimepoa," alijibu. "Sitakufanyia hivyo. Lakini usiiache kwa sababu ni yetu tu, wala usiishike kwa sababu ni yetu tu. Ijue kwanza."

Jumapili iliyofuata alimshika nyanya mkono, wakateremka pamoja hadi mlangoni pa kanisa. Nyanya aliingia. Mjukuu alibaki nje chini ya mti, Biblia ya zamani ya familia ikiwa mapajani, akiifungua ukurasa wa kwanza kama mtu asomaye kitabu ambacho hajawahi kukiona.