Mchi katika Picha

Watu wengi hudhani kuwa katuni huwa bora kwa kadiri ya wingi wa picha zake. Dhana hiyo ilipata kupimwa kati ya Kibondo na Kasulu.

Kijana mmoja wa Kibondo alichora mwanamke akitwanga muhogo mkavu. Daftari lake lilikuwa la kurasa 96, yaani karatasi 48, naye alichora upande mmoja tu. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Lakini tangu zamani wachoraji wengi wa katuni huonyesha kila mchoro mara mbili, ikawa michoro 12 hutosha. Hivyo daftari zima lilimpa sekunde 4, nazo ni mapigo manne ya mchi. Katika kila pigo alitumia michoro 8 kuupandisha mchi, 3 kuushusha, na mmoja kuutuliza kinuni. Kupanda ni kwa taabu, kwa hiyo michoro ilikaribiana. Kuanguka ni kwa kasi, kwa hiyo iliachana. Uzito wote wa mti ule ulikuwa katika nafasi hizo, wala haukuwa katika wino.

Aliipiga michoro picha kwa simu, akaiunga kuwa filamu, akaenda nayo Kasulu kwa mjomba wake, aliyeahidi kumnunulia kompyuta kama kazi ingempendeza. Televisheni ya mjomba ilikuwa ya zile zibunizo picha zenyewe na kuzipachika kati ya picha zilizopewa. Mchi ukaelea kama umo majini.

"Laini kabisa, mpwa wangu!" mjomba alisema.

Kijana alinyamaza. Sifa ile haikuwa yake. Bibi, aliyetwanga miaka mingi kuliko umri wa wote wawili, akasema, "Mjukuu wangu, huyu hatwangi. Anakoroga uji."

Wenye mali nyingi nao wamepata kuchagua uchache kwa makusudi. Katika filamu ya Marekani ya mwaka 2018, Spider-Man: Into the Spider-Verse, Miles Morales, mwanagenzi wa kuruka, mara nyingi hupewa mikao 12 kwa sekunde, na mwenzake mzoefu 24; ugeni wake ukaonekana mwilini kabla hajasema neno.

Kimya kingalimpatia kijana kompyuta. Aliomba rimoti, akauzima ulaini ule. Mchi ukapanda kwa kusitasita, ukaanguka. Mjomba akakunja uso, akasema picha zinakwama. Bibi alikuwa akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akataka irudiwe.