Sherehe Iliyolimeza Shairi

Mpenzi wa ushairi afunguapo diwani hutarajia kukuta sherehe mwishoni: maneno magumu yamefafanuliwa, majina yameelezwa, kisha mfafanuzi akajitenga. Vladimir Nabokov, Mrusi aliyehamia Marekani na kuandika kwa Kiingereza, aliigeuza desturi hiyo kuwa riwaya. Pale Fire ilitoka mwaka 1962. Ndani yake mna dibaji, shairi la mishororo 999, sherehe inayolizidi shairi mara kadhaa kwa urefu, na faharasa.

Shairi ni la mzee John Shade, anayemlilia binti yake Hazel, aliyejizamisha ziwani. Shade anauawa kabla hajaukamilisha utungo. Mswada unaangukia mikononi mwa jirani, Charles Kinbote, anayejiona kuwa ndiye mfalme wa Zembla aliyeikimbia nchi yake. Baba anaomboleza, mfafanuzi anasimulia kasri, njia za siri na kutoroka kwake mwenyewe.

Mzaha umefumwa kwa uzi mwembamba. Jina la shairi limetoka katika Timon of Athens ya Shakespeare, mahali mwezi unaposhitakiwa kwa kuiba nuru ya jua. Kinbote anayo tamthilia hiyo, ila kwa Kizembla; anapokirejesha kifungu hicho katika Kiingereza, maneno ya jina lile yanapotea, naye hana habari. Shade naye, moyo uliposita, aliona chemchemi nyeupe. Baadaye akasoma gazetini kuwa mwanamke mmoja kaiona chemchemi kama ile. Akafunga safari kumwendea; kumbe mpiga chapa amekosea, palikuwa pameandikwa mlima. Kwa Kiingereza maneno hayo yanatofautiana kwa herufi moja tu.

Mary McCarthy aliisifu riwaya hii mwaka ule ule ilipotoka. Tangu hapo wasomaji hawajaacha kubishana ni nani hasa kamtunga nani, Shade au Kinbote. Brian Boyd aliiandikia kitabu kizima mwaka 1999, akaona humo athari ya roho ya Hazel.

Ubishi huo una ladha yake. Lakini Kinbote anamshauri msomaji aanze na sherehe, ndipo asome shairi, na anayemtii hucheka sana. Anayelirudia shairi peke yake, bila ya mfafanuzi, huwakuta wazee wawili mbele ya televisheni, usiku unakwenda, wakimngoja mtoto ambaye hatarudi.