Mnanicheka na pikapu zangu? Ngojeni niwaambie!

Leo naomba mnivumilie kidogo, maana nataka kuongelea kitu ambacho wengi wenu mnakiona cha kitoto. Ni zile pikapu za kuchezea, za chuma, zinazoenea kiganjani. Mnazipita kila siku kwenye meza za wamachinga Kariakoo, wala hamgeuki.

Mimi ninazo saba. Nimezipanga juu ya kabati la vyombo, na mtoto sina. Wifi yangu mtarajiwa alipokuja kunitembelea alizitazama, akanitazama na mimi, halafu akauliza, "Wifi, hivi kaka anajua kwamba anaoa mtoto wa chekechea?" Nilicheka, nikamfungulia soda. Lakini jibu ninalo, na leo nalitoa hadharani.

Kwanza tuelewane, vidude hivi si vya kubahatisha. Vinatengenezwa kwa kusubu. Zinki iliyochanganywa na alumini inayeyushwa, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kigumu, ikipoa bodi imetoka na boneti yake na taa zake. Anayechonga ile kalibu lazima alijue gari lenyewe, la sivyo atatoa sabuni yenye matairi.

Pili, nyie mnaosema magari ni mchezo wa wavulana, hii inawahusu. Magari ya Matchbox yalianzia London, kwenye kampuni iliyoitwa Lesney. Simulizi maarufu ni kwamba mwaka 1952 mmoja wa wenye kampuni, Jack Odell, alimtengenezea binti yake rola ndogo ya kushindilia barabara, kwa sababu shuleni waliruhusu mchezo unaoingia kwenye kiberiti tu. Mnaona? Aliyesababisha yote ni binti!

Sasa twende kwenye pikapu. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani ilileta Hot Wheels, magari 16 kwa mpigo. Mojawapo ni Deora. Hilo lilikuwepo kweli. Ndugu wawili wa Detroit, Mike na Larry Alexander, walichukua Dodge A100, wakaikatakata kufuata mchoro wa Harry Bradley, ambaye baadaye ndiye aliyekwenda kuwachorea Hot Wheels magari yao ya mwanzo. Milango ya pembeni haina, unaingilia kwa mbele, kioo kikinyanyuka kama mfuniko wa sufuria. Mwaka 1967 liliwatoa watu macho kwenye maonyesho ya Detroit na kunyakua tuzo kubwa. Ile ya kuchezea nyuma imebeba mbao za kuchezea mawimbi baharini.

Zuri? Zuri sana. Lakini niambieni, gunia la mkaa utaliweka wapi?

Mwaka huohuo wa 1968, huko Japani, Toyota walitoa Hilux ya kwanza. Haikuwa na mbwembwe. Ni kichwa, bodi na springi za kuvumilia shida. Deora ya kweli ilitengenezwa moja tu, ikabaki ya maonyesho. Hilux zikasambaa duniani, kwetu zikapita hadi kule ambako basi linakataa kwenda. Na leo Hot Wheels haohao wanasubu Toyota ya 1987 na Datsun 620, pikapu za watu wa jasho. Heshima imekuja yenyewe, kimya kimya.

Hapo sasa ndipo ninapoingia mimi.

Baba mdogo alikuwa na Hilux ya miaka ya themanini, nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya chai. Alikuwa akibeba kabichi na karoti kutoka Lushoto, anateremka Soni hadi Mombo kwa gia nzito, mguu haumwamini breki. Ada yangu ya shule ilitoka humo. Sare ilitoka humo. Bibi alipofariki, jeneza lake lilipanda humo, na sisi wajukuu tukalizunguka tumekaa kwenye kingo za bodi, vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Wiki moja baadaye bodi ilioshwa, likapakiwa kabichi. Maisha ndiyo hayo.

Mwaka 2009 baba mdogo akaugua. Fedha za matibabu zikatakiwa haraka, na kitu cha kuuza kilikuwa kimoja. Alikuja mnunuzi, akapiga piga bampa, akashusha bei, akaondoka nayo. Baba mdogo alipona, Mungu ni mwema. Lakini hakununua gari tena, na mpaka leo likipita la aina ile barabarani anasita kuongea mpaka lipotee.

Kinachoniuma ni kwamba hatuna hata picha yake moja. Tuna picha za harusi, za ubatizo, za watu wamesimama mbele ya kochi la kuazima. Ile pikapu iliyotulisha haipo popote. Katika picha moja ya harusi linaonekana tairi la nyuma tu, shangazi na kitenge chake wameziba vingine vyote.

Kwa hiyo ninapozinunua hizi ndogo, nanunua picha. Moja ni Toyota ya zamani. Rangi siyo, na nyuma haina alama ya kisu ambapo baba mdogo alikuwa akihesabu magunia. Lakini ule uso, ile taa ya mraba, ndiyo yenyewe. Nilimpelekea Pasaka iliyopita. Aliigeuza, akaizungusha matairi kwa kidole gumba, akasema, "Springi za hii ni laini mno, mwanangu, haifiki Soni." Halafu akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaondoka nayo. Ndiyo maana zamani zilikuwa nane.

Basi ushauri wangu wa wiki hii ni mmoja. Simu unayo, na kila siku unajipiga picha midomo umeibinua. Toka nje, kapige picha ya kitu kinachowalisha nyumbani kwenu: bajaji, cherehani, mkokoteni, jiko la mama la chapati. Kipige kikiwa kichafu hivyohivyo, kikiwa kazini. Wanunuzi hawapigi hodi mara mbili.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!