Wolzi za Wahamiaji na Nyimbo za Delta

Sheria haikosi jina la kumwita maskini aliyehama. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyopunguza nafasi za Waitalia hadi 3,845 tu kwa mwaka. Kabla ya hapo mamilioni yao, wengi wakiwa watu wa Napoli na Sicilia, walikuwa wamevuka bahari kwenda kuchimba mitaro, kushona nguo na kubeba mizigo bandarini. Walioitetea sheria ile waliwaeleza kuwa ni watu duni, wasiosoma, wenye asili ya uhalifu. Ndivyo kumbukumbu za serikali zinavyowaonyesha.

Mimi nimewafahamu kwa njia nyingine, njia ya mandolini. Ni chombo kidogo chenye nyuzi nane, zilizopangwa mbilimbili. Sauti yake hufa upesi, hivyo mpigaji anayetaka kuirefusha hana budi kuurudiarudia uzi kwa kasi, mkono usichoke. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijifunza wolzi, yaani dansi za hatua tatu, ambazo Waitalia hao walizicheza ugenini. Nyingine nimezipata katika santuri za miaka ya 1920, zikiwemo za Giovanni Gioviale wa Catania, aliyerekodi New York. Kwao Sicilia vinyozi ndio waliosifika kwa mandolini, wakiipiga dukani pale wateja walipoadimika. Nyingi ya wolzi hizo huanza kwa simanzi, kisha katikati hugeuka zikachangamka, kana kwamba mtu amefuta machozi akanyoosha koti lake.

Nilizipiga Kibiti, likizo iliyopita, barazani kwa ndugu zangu. Mzee mmoja wa jirani alisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza:

“Mwanangu, hii ni ya harusi au ya msiba?”

“Ni ya watu walio mbali na kwao, mzee.”

“Aa. Basi hiyo ni ya Mbagala.”

Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka kusini mwa Rufiji kwenda Dar es Salaam haingojei tena kivuko, na Mbagala ndiyo mlango wa jiji kwa watu wetu. Wala wolzi haikuwa ngeni masikioni mwake. Katika ngoma zetu za pwani tatu na mbili hukaa pamoja ndani ya mpigo mmoja, na mguu wa mzee uliipata hatua ya tatu kabla sijamaliza mzunguko wa kwanza.

Watu wa Rufiji nao wamebandikwa majina yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, maelfu waliondolewa bondeni na kupelekwa katika vijiji vya ujamaa sehemu za juu, wakielezwa kuwa walikuwa wakiishi ovyo. Wakulima wa mpunga wa delta wameitwa wavamizi wa misitu ya mikoko, ilhali boriti za mikoko hiyo zilikatwa na watu wa huko na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni tangu zamani. Kisha yakaja mauaji yaliyoitikisa Kibiti, yakiwemo ya askari polisi 8 mwezi Aprili 2017. Walioumia zaidi ni wananchi wenyewe, lakini kwa mbali kila Mkibiti alionekana mshukiwa. Bodaboda zilizuiwa kutembea usiku, na ngoma nazo zikanyamaza, kwani nani angekwenda harusini na kurudi vipi?

Muziki wa wahamiaji haufuti majina hayo, lakini unaweka kando yake ushahidi mwingine: jinsi watu wenyewe walivyojiona. Mbeba mizigo wa New York aliyevaa koti Jumamosi akacheza wolzi alikuwa akikataa kuhesabiwa kama mikono mitupu. Vivyo hivyo, Ahmed Kipande na wenzake walipoanzisha bendi Dar es Salaam mwaka 1958 na kuiita Kilwa Jazz, walilibeba jina la kwao hadi kwenye ukumbi wa dansi wa mji mkuu, chini ya mkoloni.

Tofauti ni kwamba wolzi za Waitalia zimehifadhiwa. Kampuni za santuri ziliwaona wahamiaji kuwa wateja, zikawarekodi. Bendi zetu zilirekodiwa na Redio Tanzania, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nyimbo za mpunga, za makasia na za harusi za vijiji vya delta, ni nani amezirekodi kwa wingi na kuzitunza? Tuna ripoti nyingi kuhusu mikoko ya Rufiji kuliko tulizonazo kuhusu nyimbo za wanaoishi ndani yake.

Nawaambia wanafunzi wangu wanaotoka huko: simu mliyonayo inatosha. Ombeni ruhusa, rekodini, andikeni jina la mwimbaji, kijiji na tarehe, na nakala moja ibaki kwa mwimbaji mwenyewe. Halmashauri inayotenga fedha za kuhesabu miti haiwezi kushindwa kutenga kidogo kwa kazi hiyo. Wazee wanaondoka kila masika.